Mbasa Hawakuwapo Septemba

Mwezi uliopita kijana mmoja niliyewahi kumfundisha kazi alinitumia rasimu ya ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira, akaniomba niipitie kabla haijafika mezani kwa mwekezaji. Kurasa mia mbili na ushei. Mradi wenyewe ni wa umeme wa maji, wa megawati chache, kwenye mto mmoja unaoteremka kutoka milima ya Rungwe kwenda Ziwa Nyasa. Nikaisoma kama tusomavyo sisi wa kazi hii: nikaruka utangulizi, nikaruka sera na sheria, nikaenda moja kwa moja kwenye sura ya viumbe wa majini, ambayo karibu siku zote ndiyo fupi kuliko zote. Hapo nikakutana na maneno haya: "Hakuna samaki wenye umuhimu wa kiuchumi walioonekana katika eneo la mradi, na maporomoko yaliyopo yanazuia samaki wa ziwani kupanda mtoni."

Nikaijua sentensi hiyo kama mtu anavyojua kikohozi cha ndugu yake gizani. Niliiandika mimi, mwaka 2011. Hata kosa la chapa kwenye jina la kijiji, nilipogonga herufi moja mara mbili, lilikuwa pale pale, limetunzwa kama urithi. Mradi wa wakati ule haukujengwa. Mwekezaji alikosa mkopo akaondoka, na vigingi vya wapimaji vikabaki kwenye mashamba ya chai mpaka watoto walipoving'oa wakachomea mahindi. Lakini ripoti haiozi. Sasa amekuja mwekezaji mwingine, mto ni ule ule, na mtu fulani ameichota sura yangu nzima akaimimina kwenye kitabu kipya.

Sikukasirika kwa kunakiliwa. Katika kazi yetu kunakili ni kama chumvi, hakuna chungu kisichotiwa. Kilichoninyima usingizi ni kwamba sentensi ile si kweli, na kwamba mimi nimelijua hilo tangu mwaka 2014.

Nimezaliwa Tukuyu, mji ambao Wajerumani waliuita Neu Langenburg, na ambao mvua inaujua kuliko jua. Miteremko yetu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na kila bonde lina mto wake, na kila mto una sauti yake usiku. Tukiwa wadogo tulipelekwa kuona Daraja la Mungu, pale Kiwira unapopita chini ya upinde wa mwamba ambao hakuna fundi aliyeujenga, na Kijungu, ambapo mto huo huo unazama kwenye shimo la mwamba kama maji ya ugali. Tuliambiwa Kijungu hakirudishi kitu. Tuliamini, tukatupa mawe, tukakimbia.

Samaki wa mito yetu ya juu walikuwa wadogo, wasiozidi kidole, pamoja na kaa tuliowafunua chini ya mawe. Wazee walisimulia pia juu ya samaki wa Wazungu, yaani trauti, waliopandikizwa enzi za ukoloni kwenye maji baridi ya milimani ili mabwana wapate cha kuvua Jumapili. Sikumbuki kumwona hata mmoja. Samaki wa kweli kwetu alikuja kwa lori. Akina mama wa Kyela walipanda na matenga ya mbasa waliobanikwa, wamefunikwa majani ya migomba, wakashuka na ndizi na viazi. Bibi yangu alikuwa na mkono wa kupima: alimgeuza mbasa mara mbili, akamnusa penye shavu, akataja bei. Kichwa kilikuwa cha babu. Hakuna aliyethubutu kuuliza kwa nini.

Kwa hiyo nilikua nikimjua mbasa kama samaki wa sokoni na wa ziwani, wa watu wa chini. Mto wetu ulikuwa wa maji, wao ziwa lao lilikuwa la samaki. Sikuwahi kufikiri kwamba mto wetu na ziwa lao ni kitu kimoja. Nikaenda chuo kikuu, nikasoma ikolojia ya maji, nikafaulu, na imani ile ya utotoni ikabaki ndani yangu bila kuguswa na mtihani wowote.

Mwaka 2002, nikiwa bado mwanafunzi, nilibeba vifaa vya watafiti waliokwenda Kihansi, kwenye miteremko ya Udzungwa. Wengi wanakumbuka Kihansi kwa chura. Wachache wanakumbuka vizuri kilichotokea. Mtambo wa megawati 180 ulijengwa kutumia mporomoko wa maji wa mita zaidi ya 800. Ujenzi ukiwa umekwisha kuanza, mwaka 1996, watafiti wakagundua kwenye korongo chura mdogo wa rangi ya dhahabu asiyepatikana mahali pengine popote duniani, chura anayezaa watoto badala ya kutaga mayai, anayeishi kwa manyunyu ya maporomoko. Mitambo ilipoanza kazi, sehemu kubwa ya maji ikaingia kwenye handaki, manyunyu yakakatika. Mwaka 2000 vyura karibu 500 wakasafirishwa kwenda kutunzwa kwenye bustani za wanyama Marekani. Korongoni vikafungwa vinyunyizio vya kuigiza maporomoko. Mwaka 2003 vyura waliobaki wakaporomoka ghafla, ugonjwa wa kuvu ukitajwa kuwa sababu mojawapo, na mwaka 2009 ikatangazwa kwamba wametoweka porini. Walianza kurudishwa korongoni mwaka 2012.

Nilisimama chini ya vinyunyizio vile. Maporomoko yalikuwa juu, kimya, na sisi chini tunanyunyizia nyasi kama watu wa bustani ya hoteli. Miaka iliyofuata nilisikia utani mwingi mitaani na hata kwenye siasa: vyura wanapanda ndege na sisi hatuna viza. Nilicheka pia. Lakini niliona kwamba nchi nzima imejifunza neno "chura" na si neno "lini". Kihansi palikuwa na wanasayansi wazuri na fedha za kutosha. Walichokosa ni kufika mapema. Swali liliulizwa zege likiwa limekwisha kukauka.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ilikuja kurekebisha hilo. Ikasema tathmini itangulie ujenzi, wataalamu wasajiliwe, wananchi wasikilizwe, baraza la mazingira, NEMC, lichambue, waziri atoe cheti. Ikaweka na zile mita sitini za kingo za mto ambazo kila mkulima wa bondeni anazijua, kwa kuwa kila mwaka anaambiwa aondoe mihogo yake humo. Nilisajiliwa. Nilijivuna. Sheria hiyo hiyo inasema gharama za tathmini ni za mwenye mradi, na hapo ndipo maji yanapoingiwa na tope, maana anayekulipa ndiye unayempima.

Basi mwaka 2011 kampuni moja ya ushauri, sitaitaja, ikanichukua kwa sura ya viumbe wa majini. Hadidu za rejea zilinipa siku tatu. Zilikuwa siku tatu za Septemba, kwa sababu Septemba barabara ni kavu na gari halikwami. Mto nao sitautaja, kwa kuwa mashauri yake bado hayajaisha.

Mpango ulikuwa huu. Juu ya maporomoko lingejengwa banio la kukinga maji. Kutoka hapo maji yangepita kwenye mfereji uliozunguka kilima, kisha yakateremshwa kwa bomba la chuma mpaka kwenye nyumba ya mitambo, kama kilomita mbili chini, ndipo yarudishwe mtoni. Kwa mteremko kama wa kwetu huo ni mpango wa akili, wala sina ugomvi nao. Hauhitaji bwawa kubwa, hauhamishi kijiji.

Siku ya kwanza tulitega nyavu za macho madogo pale penye banio. Siku ya pili tukatega tena, tukageuza mawe, tukapata samaki wadogo, kaa na viluwiluwi. Siku ya tatu nilitakiwa kushuka chini ya maporomoko mpaka nyumba ya mitambo. Njia ilikuwa ya utelezi, mwenyeji wetu alisema ni saa tatu kushuka na nne kupanda, na dereva alikuwa amekwisha kuwasha gari akitaka kuwahi Tukuyu kabla ya ukungu. Nikasimama juu ya jabali, nikatazama maji yanavyoanguka, nikaandika kwenye daftari: "Maporomoko makubwa. Samaki hawawezi kupanda." Hilo lilikuwa kweli kabisa. Hakuna samaki anayepanda pale. Nilichokosa kujiuliza ni nini kinafanyika chini yake.

Alasiri hiyo kulikuwa na mkutano wa kijiji kwenye darasa la shule ya msingi. Mtendaji alifungua kikao, mhandisi akaeleza, karatasi ya mahudhurio ikazunguka. Wanaume walikaa kwenye madawati ya mbele, wanawake nyuma na mlangoni. Mhandisi alisema jambo ambalo wahandisi wa umeme wa maji husema kila mahali, na ni kweli: maji hayapungui. Tunayachukua juu, yanazungusha mtambo, tunayarudisha chini, hata tone halipotei. Watu wakapiga makofi.

Bibi mmoja aliyeketi karibu na mlango akanyoosha mkono. Aliongea Kinyakyusa, mtendaji akatafsiri, ingawa mimi sikuhitaji tafsiri. Aliuliza: "Na hapa katikati?"

Mhandisi akatabasamu kwa heshima. "Katikati ni korongo tupu, bibi. Hakuna anayeishi humo."

Bibi akasema, "Ndaga fijo," akaketi. Usiku ule, kwenye nyumba ya wageni, ndimi niliyeandika muhtasari. Niliandika: "Mwanakijiji mmoja alitaka kujua kuhusu mtiririko wa maji. Alijibiwa na akaridhika." Nimeandika maneno mengi maishani, na machache yananiaibisha kama hilo "akaridhika". Bibi alishukuru kwa sababu amelelewa. Tangu lini Mnyakyusa wa rika lake akamwambia mgeni mbele za watu kwamba hajajibiwa?

Mwisho wa Mei 2014 nilikuwa Kyela kwa kazi nyingine kabisa, ya barabara. Mvua zilikuwa zimeanza kukatika na mito imeanza kuangaza. Kyela ni uwanda unaopokea kila kitu kutoka kwetu. Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo zote zinafika huko na udongo wetu, na wakati mwingine zinafika ndani ya nyumba za watu. Asubuhi nilipita soko la Ipinda kutafuta kitoweo, nikamkuta mama mmoja na mbasa watano wabichi juu ya jani. Wanono. Mmoja alikuwa amepasuliwa, mayai yamejaa tumboni.

"Wa ziwani hawa, mama?"

"Wa mtoni, baba. Msimu huu wanapanda."

"Wanapanda mpaka wapi?"

"Mpaka maji yanapoangukia. Hapo wanashindwa. Wanataga kwenye changarawe, wanarudi zao."

Akautaja mto. Nikamwomba anirudie. Akautaja tena, kwa sauti ya juu kidogo, kama mtu anayezungumza na kiziwi.

Mumewe alikuwa mvuvi, mzee mwembamba aliyetembea kwa kunyata hata barabarani. Kesho yake alinipandisha kwa njia ya chini, nusu siku nzima, tukiufuata mto kutoka uwandani kuingia milimani. Tulipokaribia kuyasikia maporomoko alinishika bega, tukachuchumaa. Palikuwa na maji mapana yasiyofika magoti, yanapita kwa kasi juu ya changarawe safi. Mwanzoni sikuona kitu. Kisha jua likatoka kidogo, na maji yakameta kwa chini. Walikuwa wengi. Wanageuka ubavu, wanapigapiga changarawe, wanarudi nyuma, wanaingia tena. Mzee hakusema neno, na mimi, mtaalamu aliyesajiliwa, sikuwa na la kusema.

Nilipogeuka kushuka ndipo nilipokiona. Kigingi cha wapimaji chenye rangi nyekundu iliyopauka, kimoja ambacho watoto hawakukifikia. Kilikuwa ng'ambo ya pili, mita mia chache chini ya pale tulipochuchumaa. Kilionyesha mahali ambapo nyumba ya mitambo ingejengwa na maji kurudishwa mtoni. Changarawe ile yote ilikuwa juu yake. Ilikuwa katikati.

Niseme kidogo juu ya samaki huyu. Kwa wataalamu jina lake ni Opsaridium microlepis, na hilo neno la pili maana yake ni magamba madogo. Hapatikani ila katika ziwa letu na mito yake. Wamalawi wanamwita mpasa, na kwao Mto Bua ni maarufu kwa kupandwa naye. Anaishi ziwani akila usipa, dagaa wa huko, lakini hawezi kuzaa ziwani. Lazima apande mtoni apate changarawe safi inayopitiwa na maji yenye kasi, ili mayai yaliyozama kati ya mawe yapate hewa. Udongo ukitanda juu ya changarawe, mayai yanakosa pumzi. Maji yakikatwa, yanakauka. Kuna na jambo la tatu ambalo hata baadhi ya wenzangu hawalioni: mtambo ukiwa na kidimbwi cha kuhifadhi maji mchana ili uzalishe zaidi jioni, saa ambayo watu wanawasha taa na kupika, basi mto chini ya mtambo unapanda na kushuka kila siku. Samaki anataga jioni kwenye maji, asubuhi mayai yako juani.

Najua hoja ya upande wa pili, nimeitumia mwenyewe. Mbasa anamalizwa na nyavu zinazotegwa midomoni mwa mito wakati anapanda, na sumu, na mashamba yanayolimwa mpaka kingoni. Ni kweli yote. Wanaopenda kuitaja orodha hiyo kuliko wote ni washauri wa miradi, kwa kuwa inamfanya mteja wao aonekane mtu wa mwisho kwenye foleni ya lawama. Samaki aliyepona nyavu nne huuawa na ya tano, na ya tano haina haki ya kusema hizo nne ndizo zilizomchosha.

Nilirudi Tukuyu na picha tatu mbaya na daftari lililolowana. Ofisi kuu za Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Nyasa ziko hapo hapo Tukuyu, mwendo wa dakika chache kutoka nilikofikia. Ningeweza kuingia, kuamkia, na kusema: niliandika jambo lisilo kweli, hii hapa sahihi yangu, naomba liandikwe pembeni ya faili. Kibali cha kutumia maji hutoka huko. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inaweka mahitaji ya binadamu kwanza, maji ya kuhifadhi mazingira ya pili, na shughuli za uchumi, umeme ukiwamo, baada ya hapo. Wangenisikiliza. Sikwenda. Nilijiambia mradi umekufa, mwekezaji kaondoka, kwa nini nijivunjie jina kwa ajili ya maiti? Nikapanda basi la Mbeya.

Nilichofanya badala yake ni kuwa mkali kwenye miradi ya wengine, kama wafanyavyo watu wenye deni.

Mwaka 2017, kwenye mradi wa mkoa mwingine, nilibishana siku mbili na mhandisi mgeni juu ya mambo mawili. La kwanza lilikuwa asilimia kumi. Michoro yake iliacha asilimia kumi ya wastani wa maji ya mto ipite bila kuchukuliwa, mwaka mzima, na alipoulizwa kwa nini kumi, alisema ndicho kiwango. Kiwango cha nani? Namba hiyo inatokana na kazi ya Mmarekani mmoja, Donald Tennant, aliyeichapisha mwaka 1976 baada ya kupima mito ya Montana, Wyoming na Nebraska. Tennant mwenyewe alisema asilimia kumi ni ya kumnusuru samaki kwa muda mfupi tu, na asilimia thelathini ndiyo ya kumpa maisha yanayoeleweka. Namba imevuka bahari, maelezo yake yakabaki forodhani. Imefika kwetu, kwenye mito ya masika na kiangazi na samaki ambao Tennant hakuwahi kuwaona, na imekuwa kama aya ya msahafu.

La pili lilikuwa ngazi ya samaki. Alitaka tuweke moja kwenye banio, imo kwenye michoro, inawapendeza wafadhili. Ngazi hizo zilibuniwa kwa mito ya samoni, kama pale Bonneville kwenye Mto Columbia, bwawa la mwaka 1938, ambapo samaki mwenye nguvu ya kuruka anapanda kidato kwa kidato. Thailand walijenga ngazi kwenye bwawa la Pak Mun, lililokamilika mwaka 1994, kwa ajili ya samaki wa Mekong wasio na tabia za samoni, na wengi wao hawakuipanda. Nilimwuliza mhandisi wetu ni samaki gani wa mto huu ataitumia ngazi yake. Akanijibu kwa uaminifu ambao bado naupenda: "Wewe ndiye unayepaswa kuniambia."

Kweli, ndimi. Nilimwambia tuachane na ngazi, fedha yake iwe maji. Miezi ya kutaga maji yanayoachwa yaongezwe, miezi mingine yapungue, na kidimbwi cha jioni kifutwe. Akapiga hesabu ya umeme utakaopotea, nami nikajifunza siku hiyo kwamba samaki asiyetafsiriwa kuwa shilingi na saa za umeme hakai kwenye meza ile hata dakika tano. Tuliafikiana nusu. Maji ya msimu yakaongezwa, kidimbwi kikabaki. Sijui kama ni ushindi. Niliandika kwa mkono wangu kila namba ilikotoka, na kila mwezi tuliopima, na kila mahali ambapo hatukufika.

Kuna jambo ninalowaonea wivu Wamarekani. Leseni za mabwawa yao ya umeme hudumu miaka 30 mpaka 50, kisha mwenye bwawa anarudi kuomba upya, na maswali yote yanafunguliwa tena. Mwaka 1997 bwawa la Edwards, kwenye Mto Kennebec huko Maine, lilinyimwa leseni mpya, samaki wanaopanda kutoka baharini wakiwa sababu kubwa, na mwaka 1999 likabomolewa. Samaki wakapanda tena. Sisi tunao ukaguzi wa mazingira wa baada ya ujenzi, sheria inautaka, nimeufanya mara kadhaa. Lakini nani amewahi kuona ukaguzi ukihamisha nyumba ya mitambo? Kwetu mbasa anasikilizwa mara moja, nayo ikiangukia Septemba, basi.

Wala nisije nikaeleweka kwamba naukataa umeme. Nimesoma kwa koroboi. Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo ya megawati 2,115, na bado kuna vitongoji vya Busokelo ambako jioni ni giza na mvua. Mitambo midogo ya kwetu ina maana yake, kama ya Mwenga kule Mufindi, megawati 4, au Tulila ya masista wa Chipole huko Ruvuma, megawati 5. Nataka mtambo wa mto ule ujengwe. Nataka tu mtu ashuke kwenye utelezi ule kabla haujajengwa.

Nilimpigia yule kijana wa rasimu jioni ile ile niliyoisoma. Aliamkia, akauliza kama ripoti iko sawa. Nikamwambia ukurasa na aya, nikamwuliza amekwenda lini mtoni.

"Septemba, mzee. Siku tatu."

"Ulishuka chini ya maporomoko?"

Akanyamaza. Nikasikia pikipiki ikipita kwake. "Kulikuwa na utelezi," akasema. "Na kwa kuwa kulikuwa na ripoti ya zamani inayosema…"

"Ripoti ya zamani niliandika mimi. Sikushuka."

Akanyamaza zaidi. Kisha akaanza kunitetea, masikini, kwamba siku hizo bajeti zilikuwa ndogo, kwamba hata sasa mwekezaji anataka ripoti mwisho wa mwezi. Nikamwacha amalize. Nikamwambia akafute sentensi ile, na mahali pake aandike kwamba uchunguzi wa samaki ulifanyika Septemba kwa siku tatu, juu ya maporomoko tu, na kwamba chini hapajachunguzwa. Na mimi nitaandika barua kwa Bodi, kwa jina langu, na picha zangu tatu mbaya nitaziambatisha.

"Wataturudisha nyuma miezi minane," akasema.

"Mpaka Mei, ndiyo."

Akaniuliza kama nina namba ya yule mvuvi. Nikamwambia mzee alifariki miaka miwili iliyopita, lakini mkewe bado anauza Ipinda. Aende asubuhi, kabla mabasi ya Kyela hayajaingia, na asianze na samaki, aanze na salamu.

"Na nikifika nimwulize nini hasa, mzee?"

"Mwulize njia ya chini inaanzia wapi."